Namba Saba

Kila asubuhi, mwalimu alipofungua daftari la mahudhurio, Bi Kimya alianza kutoka jasho viganjani. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake wa darasa la sita ndio waliombandika. Zamu yake ikikaribia, aliinamia dawati. Lakini kabla hajafungua mdomo, rafiki aliyeketi naye dawati moja alikuwa ameshaitikia, "Yupo, mwalimu!" Rafiki huyo walimwita Kasuku, kwa jinsi alivyopenda kuongea. Tangu darasa la tatu walizoeana hivyo: mmoja aseme, mwingine anyamaze.

Kasuku peke yake ndiye aliyeijua siri ya Bi Kimya. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na katika chumba cha kushonea palikuwa na sanamu la kupimia nguo, lenye mabega na kifua lakini lisilo na kichwa. Mama akitoka kupeleka nguo za wateja, Bi Kimya alisimama mbele ya sanamu hilo akajizoeza. "Nipo, mwalimu. Shikamoo, mwalimu. Naomba kuuliza swali."

"Kwa nini unaongea na hilo?" Kasuku alimuuliza.

"Halina macho ya kunitazama, wala mdomo wa kunicheka. Ila usimwambie mtu, tafadhali."

"Mimi? Nikisema, nikatike ulimi!"

Muhula ulipokwisha, wanafunzi kumi na wawili walipelekwa msituni na mwalimu wao kwa siku mbili, wajifunze kusoma ramani, kupiga hema na kupika kwa zamu. Bi Kimya hakutaka kwenda. Mama ndiye aliyemsukuma. "Nenda, mwanangu. Huko hakuna ubao wa kusimamishwa mbele yake."

Aliyewaongoza alikuwa mlinzi wa msitu, dada mrefu mwenye buti zilizoganda matope. Alimpa kila mmoja namba. "Sikilizeni, wadogo zangu. Kila tukipumzika, kabla ya kuondoka tunahesabiana. Kila mtu ataje namba yake mwenyewe. Zikitimia kumi na mbili, twende. Zisipotimia, haondoki mtu. Na ukiachwa nyuma, usitangetange. Kaa hapo hapo upige kelele."

Bi Kimya alipewa saba. Kasuku, nane. Katika mapumziko ya kwanza hesabu ilikuja mbio mpaka sita, na Bi Kimya akaangalia viatu vyake. "Saba!" ikasikika sauti nyembamba. Kisha, kwa sauti nene, "Nane!" Zote mbili zilikuwa za Kasuku. Bi Kimya akamminya mkono kumshukuru.

Walikuwa wakipanda kilima pale msichana mmoja aliyetangulia alipogeuka. "Bi Kimya! Yule shoga yako wa chumba cha cherehani umemwacha na nani?"

"Mwacheni! Shoga mwenyewe hana kichwa, lakini ana adabu. Husikiliza mpaka mwisho!" mvulana mmoja akadakia.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba kuuliza swali," mwingine akaigiza, kwa sauti ile ile nyembamba. Wote wakaangua kicheko.

Bi Kimya akamtazama Kasuku. Kasuku naye alikuwa anacheka. Macho yao yalipokutana, akajifanya kufunga kamba ya kiatu. "Niliwasimulia kwa utani tu, jamani," akanong'ona. "Usinune."

Kuchekwa alikuwa amekuzoea. Lakini maneno haya alikuwa ameyasema chumbani, mlango umefungwa, mbele ya mtu mmoja tu.

Walipopumzika kijitoni, alijitenga nyuma ya jiwe kubwa akanawa uso. Akiwa huko alisikia hesabu ikianza. Mwalimu alikuwa anamfunga kitambaa mwanafunzi aliyeteguka mguu. Dada mlinzi alikuwa mbele, akiitazama ramani. "Nne! Tano! Sita!"

Bi Kimya hakutoka. Kwa mara ya kwanza alitaka ule ukimya wake usikike, wajue kwamba hapo pana mtu.

"Saba!" ikalia sauti nyembamba. "Nane!"

Hesabu ikatimia. Akasikia nyayo zikiondoka, vicheko vikididimia kwenye miti. Alipotoka nyuma ya jiwe alikuta njia tatu na hakuna mtu hata mmoja.

Kaa hapo hapo upige kelele. Akafungua mdomo, ukatoka upepo. Akajaribu kulifikiria lile sanamu, lakini safari hii halikumsaidia, kwani nalo alikuwa ameporwa. Hapo hasira ikampanda kutoka tumboni.

"Saba!" akapaza sauti. "Saba ni mimi! Mimi ndiye saba!" Aliita mpaka sauti ikakwaruza. Ndege wakaruka mitini. Akaita tena.

Buti zikasikika zikirudi mbio. Dada mlinzi alimshika mabega akihema. "Pole, mdogo wangu. Sauti yako imefika mpaka juu kule."

Kundi lilikuwa limekusanywa kando ya njia. "Nani aliitikia saba?" dada mlinzi akauliza.

Kasuku alikuwa analia. "Mimi, Dada. Nimezoea kumsemea. Nilidhani yupo nyuma yangu."

"Hukugeuka kumtazama?"

"Niliona aibu kumtazama, maana nilitoa siri yake."

Mwalimu akavua kofia. "Na mimi nimekosa. Nilisikiliza namba, sikuangalia watoto. Tena darasani nimekubali mchezo huu miaka yote."

Dada mlinzi hakufoka. "Wewe," alimwambia Kasuku, "umetoa siri ya mwenzako, kisha umesema yupo wakati hayupo. Huo ni uongo, na msituni uongo wa namna hiyo unaua. Nanyi mliocheka, kesho mkipotea nyinyi, mtamwomba nani awatafute?" Akamgeukia Bi Kimya. "Na wewe, mdogo wangu, kutetemeka si kosa. Mimi mwenyewe hutetemeka mbele ya wageni. Ila usimwachie mtu nafasi yako. Itikia mwenyewe, hata kwa kunong'ona. Sisi tutanyamaza mpaka tukusikie."

"Nisamehe," Kasuku akasema, akimnyooshea mkono.

Bi Kimya aliutazama mkono ule. "Nimekusikia," akajibu, na mikono yake akaibakiza kwenye kamba za begi.

Wakahesabiana upya. Baada ya sita pakawa kimya kirefu. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemsaidia. Viganja vilimlowa jasho kama kawaida.

"Saba," akasema kwa sauti iliyokwaruza.

Nane ilichelewa kidogo kufika.