Kituo cha Bahati Hakikujibu

Makhanu alikuwa amelala kifudifudi chini ya mnara wa mawasiliano wa Bahati, mkanda wa usalama ukiwa bado kiunoni. Ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye mashamba ya viazi. Inspekta Linah Cheptanui alichuchumaa kando ya maiti, akautazama mkanda kwa muda mrefu.

"Amejirusha, madam," alisema Konstebo Wachuka. "Watu wa hapa wote wanasema hivyo. Ile kesi ya mama wa Kabazi ilimlemea."

Nani mjini Nakuru hakuijua kesi hiyo? Mwezi uliopita, daktari bingwa aliyekuwa mjini alikuwa akimwelekeza mwenzake wa hospitali ndogo kule Kabazi kwa video, mama mjamzito akiwa mezani. Mawasiliano yakakatika katikati ya upasuaji. Mama akafa. Lawama zikamwangukia Makhanu, fundi wa kituo cha Bahati, ambako mawasiliano hayo hupitia.

"Wachuka, ukitaka kujirusha utavaa mkanda kwanza?"

"Labda ni mazoea, madam."

Ndoano ya mkanda haikuwa imekatika wala kupinda. Ilikuwa imefunguliwa vizuri tu. Jambo hilo lilimkera Cheptanui, kwa sababu mtu anayetaka kujiua angeweza kuifungua mwenyewe.

Kwenye chumba cha maiti, mjane alikuwa akimsubiri mlangoni. Jina lake Nerima. Hakuwa akilia, alikuwa amekwisha kulia.

"Wazee wa kanisa walikuja," alisema. "Wanasema kama alijiua, haingizwi kanisani. Na huko nyumbani Bungoma watamzika nyuma ya boma, bila wimbo, bila sala. Watoto wake waone hivyo?"

"Mazishi ni lini?"

"Jumamosi."

"Alikuambia nini kuhusu yule mama?"

"Neno moja tu, kila siku. 'Mimi sikusema tayari.' Hata usingizini. Mimi sikuelewa ni tayari gani."

Cheptanui naye hakuelewa. Lakini maneno ya daktari wa maiti aliyaelewa sawasawa: chini ya kucha za marehemu kulikuwa na chembe za ngozi, na yeye mwenyewe hakuwa na mkwaruzo wowote wa kucha. Sampuli zilipelekwa maabara ya serikali. Majibu ya maabara huja yanapotaka yenyewe, na Jumamosi haikuwa mbali.

Alikwenda mjini kumwona mhandisi wa upande wa pili wa njia ile, Maxwel Nyongesa, aliyebuni mfumo wa kuunganisha njia za mawasiliano za kampuni yake. Yeye na Makhanu walikuwa wamekulia pamoja kwenye nyumba za reli. Nyongesa alikuwa mtu nadhifu, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo vyote ingawa jua la Nakuru lilikuwa likichoma.

"Nieleze hiyo kazi kama unavyomweleza mama yako," alisema Cheptanui.

Nyongesa alitabasamu. "Data inasafiri na lebo, kama parcel. Kila kituo kinasoma lebo, kinabandika nyingine, kinasukuma mbele. Kipande cha Nakuru hadi Bahati ni chetu. Cha Bahati hadi Kabazi ni cha kampuni ya Makhanu. Sisi tunavishona pale Bahati viwe njia moja."

"Nani anashona?"

"Mimi natuma ombi kutoka huku. Fundi wa Bahati analiruhusu kwa mtambo wake, kisha ananiambia kwa redio, 'tayari.' Hapo ndio nashona."

"Na siku mama alipokufa?"

"Makhanu alisema tayari, kumbe hajaruhusu. Alikuwa rafiki yangu, Inspekta, lakini ukweli ni ukweli."

"Na asubuhi aliyokufa yeye?"

"Kazi ilikuwa ile ile. Tulikuwa tunahamisha njia ya Kabazi kwa kipande kipya. Akasema tayari, nikashona. Sauti yake ilikuwa chini sana. Nafikiri ndio akapanda mnara."

"Ulimsikia kwa redio?"

"Kabisa. Nikiwa hapa kwa hii meza."

Aliivuta chini mikono ya shati lake. Cheptanui aliona, akashukuru kwa chai, akaondoka.

Huko Bahati, alimkuta Awuor, fundi aliyetumwa kushika nafasi ya marehemu. Alikuwa amekaa mbele ya mtambo, kikombe cha uji mkononi, na hasira zake hakuzificha.

"Madam, watu wa Kabazi hawakuwa na network tangu asubuhi ile mpaka nilipofika."

"Kwa nini?"

"Ombi la Nakuru nililikuta hapa linangoja. Hakuna mtu alikuwa ameliruhusu. Sasa, kituo kisipoambiwa kinashonwa, kinafikiri safari imeishia hapa. Kinabandua lebo, mzigo unabaki bila anwani, unatupwa."

"Kwa hivyo Nakuru walishona na nini?"

"Walishona na hewa."

"Nyongesa anasema Makhanu alisema tayari."

Awuor alicheka kicheko kisicho na furaha. "Makhanu? Huyo tulimwita Mzee Ngoja. Mtambo usipojibu, hata umpigie kelele, anakwambia ngoja. Na angesema na nini? Redio ilikuwa imekufa. Si ndio alikuwa amepanda kurekebisha antena yake? Waya bado unaning'inia huko juu, sijaugusa."

Cheptanui alitoka nje akainua macho. Waya mweusi ulikuwa ukipigwapigwa na upepo. Yeyote aliyedai kuisikia redio ile asubuhi ile alikuwa mwongo.

Nyongesa aliletwa kituo cha polisi akiwa bado mtulivu.

"Rudia. Makhanu alisema nini?"

"Tayari."

"Kwa redio?"

"Kwa redio."

"Antena yake ilikuwa haijaunganishwa. Ndiyo iliyompandisha mnara."

Nyongesa aliivuta tena chini mikono ya shati.

"Hukumwuliza anarekebisha nini huko juu?"

"Nani amesema nilikuwa huko?"

"Kunja mikono ya shati."

"Kwa nini?"

"Kunja shati, boss."

Alikunja polepole. Mikwaruzo ilikuwa imeanza kukauka, kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Wachuka aliitazama, kisha akatazama sakafu.

"Maabara ina ngozi iliyokuwa kwenye kucha zake," alisema Cheptanui. "Unataka tungoje majibu, au utasema mwenyewe?"

Mhandisi aliinama mpaka paji la uso likagusa meza.

"Siku ya yule mama," alisema, "wakubwa wangu walikuwa wamesimama nyuma yangu. Walitaka kuona mfumo wangu ukifanya kazi. Makhanu akaniambia ngoja. Tena ngoja. Niliona aibu kungojeshwa na fundi mbele yao. Nikashona bila jibu."

"Kisha ukasema alikujibu."

"Ndiyo. Wakaniamini mimi."

"Ulimfuata Bahati kwa nini?"

"Alikuwa ameniambia kwamba siku hiyo anaenda Kabazi kumwambia mume wa yule mama ukweli. Nilipanda kumsihi. Hakunigombeza, Inspekta. Alisema, 'Maxi, shuka twende wote. Umwambie yule baba mwenyewe, mimi nitakuwa kando yako.' Akafungua ndoano ili tushuke. Hapo nikamsukuma. Akanishika mkono. Nikautoa."

Cheptanui aliyaandika maneno hayo neno kwa neno.

"Halafu ukarudi mjini, ukashona, ili ionekane alikuwa hai."

"Ndiyo."

"Na safari hii, ulingoja kituo cha Bahati kijibu?"

Nyongesa alinyoosha mikono. Wachuka alimfunga pingu.

Jumamosi, Cheptanui alikuwa ofisini akiandika taarifa ya kesi simu ilipoita. Nyuma ya sauti ya Nerima kulikuwa na watu wengi na ngoma za kanisa.

"Madam, wamefungua mlango. Mchungaji mwenyewe amebeba jeneza upande wa mbele. Wanamwingiza ndani sasa."

Cheptanui aliweka kalamu chini, akazisikiliza ngoma.

"Madam? Uko hapo?"

"Niko, mama," alisema hatimaye. "Nimekusikia."