Shafti ya Gari Lililoandikwa Usiguse

Shafti ya usukani ilikuwa na joto. Emrys Pugh aliiokota chini ya benchi, ilikolala siku tatu juu ya saruji, na gereji ya Wales mwezi wa Novemba ina baridi ya kufisha vidole. Hata hivyo chuma kile kilikuwa vuguvugu, kama kikombe ambacho mtu amekitua sasa hivi. Emrys akajitia hamnazo. Alikuwa na kazi.

Alikuwa akiunda gari dogo la viti viwili kwa mikono yake, fremu hadi bodi, ampe Carys, binti yake wa pekee. Ulibaki usukani tu. Shafti ile ilitoka kwenye gari kubwa, ikazidi kwa urefu wa kiganja, basi akaikata katikati, akatoa kipande cha ziada, kisha akaziingiza ncha mbili ndani ya bomba nene na kuzichomelea. Kile kipande akakitupia kwenye kopo la biskuti. Wanaume wa mabonde ya huko hawatupi chuma, hata kiwe kidogo kama jino, na ukiwauliza cha nini watakwambia kitafaa siku moja.

Jumamosi Carys alikuja kumsaidia, akanusa hewa. "Baba, siku hizi unakula pipi za mnanaa?"

"Kwa meno gani?" Emrys akamjibu, wakacheka. Lakini harufu ilikuwepo, mnanaa na sweta la sufu lililolowa.

Jumatatu usukani ukaanza. Saa tisa na dakika kumi mchana, gari likiwa juu ya matofali bila hata tairi moja, ulijizungusha kushoto polepole hadi mwisho, ukakaza. Emrys alilaumu sakafu kuwa imeinama. Jumanne, dakika ile ile, akaushika ili aurudishe, na hapo akahisi chini ya vidole vyake vidole vingine, vyembamba, vya moto, vikivuta kushoto kwa nguvu zote za mtu anayetaka kuishi, na harufu ya mnanaa ikamjaa kooni, na karibu kabisa na sikio lake mwanamke akahema na kusema kwa sauti ya chini, "Nimechelewa." Emrys alitoka gerejini kinyumenyume.

Akaenda moja kwa moja kwa Mair, mwenye uwanja wa magari mabovu, akakiri. Jumapili moja Mair alipokuwa kanisani, yeye aliingia kama alivyozoea miaka yote, akafungua shafti kwenye gari la buluu lenye maandishi ya rangi nyeupe: USIGUSE.

"Nilidhani umemwekea mtu injini," alisema. "Nikachukua shafti tu."

Mair alikaa kitako. "Emrys, una kichwa kigumu wewe. Yule mama aliyeliendesha alikuwa anawahi kumchukua mtoto shuleni. Saa tisa na dakika kumi akaikosa kona ya kushoto pale machimboni. Mama mzazi wa marehemu aliniomba gari lisagwe lote. Lote, isibaki hata parafujo."

Siku hiyo hiyo Emrys aliirudisha shafti. Mair akaisaga pamoja na gari lote, mchungaji akasoma sala chini ya mwavuli, mvua ikinyesha. Shafti mpya ikafungwa. Harufu ikatoweka, usukani ukatulia, na mkaguzi wa serikali akalipitisha gari. Emrys akalala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Jumapili Carys akaja kulichukua, na zawadi mfukoni: kishikio cha gia, cha chuma, kinang'aa. "Nimekikereza mwenyewe kwa mashine yako ulipokuwa umetoka," alisema akikifunga. "Ulinifundisha, sasa ona." Emrys akamkumbatia. Carys akaondoka, hana haraka, anatembea tu.

Mchana Emrys alikuwa akifagia gereji. Akafungua kopo la biskuti, na ndipo alipokikumbuka kile kipande. Isibaki hata parafujo. Akamwaga kopo lote mezani, akachambua boliti moja moja. Hakikuwemo. Kisha akakiona akilini kile kishikio cha Carys kikizunguka kwenye mashine na kung'aa, akaikimbilia simu.

Carys alipokea, injini ikivuma. "Baba, gari tamu hili. Ila umeacha pipi zako humu, linanuka mnanaa. Na hiki kishikio kina joto, kinanifaa kwa baridi hii."

"Uko wapi?"

"Nakaribia machimboni."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika tisa.

"Simama, mwanangu. Simama hapo hapo, ushuke."

Injini ikazidi kunguruma. Carys siku hiyo hakuwa na pa kuwahi, hakuna aliyemngoja popote.

"Siwezi," alisema, kwa sauti ambayo haikuwa yake. "Nimechelewa."