Nusu Mstari wa Njano

Saa moja na nusu asubuhi, gari jeusi la kifahari, la aina ambayo watu huipisha hata likiwa limeegeshwa, lilikutwa limejikita kwenye ukuta wa duka la dawa, chini kabisa ya mteremko wa mtaa wa maduka. Pua yake ilikuwa imeingia ndani mpaka kwenye kaunta. Mzee aliyekaa mbele upande wa abiria alikuwa amekwisha kufa. Mkewe, aliyekaa nyuma, alivunjika mkono. Dereva hakupata hata mchubuko, na hilo ndilo lililomponza.

"Breki zilikataa," alikuwa akirudia, amekaa ukingoni mwa barabara huku watu wakimtazama kama mchawi. "Nilikanyaga kwa miguu yote miwili. Zilikataa."

Inspekta aliyefika pale alikuwa mama wa makamo ambaye kituo kizima kilimwita Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata kengele ya chakula ikilia. Alipanda mteremko wote kwa miguu, akashuka tena akitazama lami. Hapakuwa na alama ya tairi hata moja iliyofunga. Kisha akaingiza mkono chini ya usukani, akaisukuma pedali ya breki. Ilikuwa ngumu kama jiwe.

Kabla ya jua kutua, mwakilishi wa kampuni iliyotengeneza gari hilo alifika kituoni na suti yake na mkoba wake. Hakusema pole.

"Waranti ya gari hili iliisha siku kumi na tisa zilizopita," alianza, kabla hajaulizwa. "Pili, kilichokufa ni busta ya breki. Ni kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu wa dereva. Kikifa, hata mwanamieleka hawezi kulisimamisha gari zito vile. Lakini busta tuliyoikuta humo si ile iliyotoka na gari kiwandani. Namba hazilingani."

"Unamaanisha nini?"

"Mtu ameiba nzima, akaweka mbovu. Busta moja nzima inauzwa bei ya kujengea chumba na choo. Na funguo za gari, Inspekta, anakaa nazo nani? Za mwizi arobaini."

Usiku huo dereva alilala mahabusu. Mashtaka yalikuwa mawili, wizi na kuua bila kukusudia, na kwa umri wake, miaka ambayo angefungwa ingetosha kumfanya afie gerezani. Taratibu alitia sahihi yake chini ya karatasi, lakini kalamu ilikuwa nzito.

Asubuhi alikwenda hospitali. Mjane alijulikana mjini kwa jina la Mama Mikate, maana alianza na tanuri moja la mikate na sasa alikuwa na maduka matatu. Gari lile alijinunulia mwenyewe baada ya miaka mingi ya kuamka saa tisa za usiku. Kando ya kitanda alikaa kijana nadhifu, macho mekundu kwa kulia, akimshikia kikombe cha uji.

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu," Mama Mikate alisema. "Ndiye meneja wa karakana ya kampuni iliyolitengeneza gari. Magari yetu yote yanapita mikononi mwake."

"Nitakusaidia kwa lolote, Inspekta," kijana alisema, akasimama kwa heshima. "Mzee alikuwa kama baba yangu."

"Gari liliingia karakana lini mara ya mwisho?"

"Kama wiki tano hivi zilizopita. Lilitoka zima kabisa."

"Na tangu hapo limetembea sana?"

Mama Mikate ndiye aliyejibu. "Siku mbili tatu tu. Mke wa huyu alijifungua kabla ya wakati, kwa upasuaji, nikahamia kwao kumlea mzazi na mtoto. Dereva nikampa likizo. Gari likalala uani kwao mpaka jana, mume wangu alipokuja na dereva kwa teksi kunichukua." Akasukuma kikombe kando. "Dereva huyo nimekaa naye miaka kumi na minne, mama. Kama ni mwizi, basi mimi binadamu siwajui."

"Shangazi, pesa humbadilisha mtu," kijana alisema kwa upole, akampa uji.

Taratibu alirudi mahabusu. Dereva alikuwa hajagusa chakula.

"Mlipoondoka jana, nani alikuwepo?"

"Meneja, mtoto wa kaka yake Mama. Alitufungulia geti mwenyewe. Kisha akaja dirishani, akanishika bega. 'Mzee wangu, leo endesha polepole sana.'"

"Huwa anakwambia hivyo?"

"Hajawahi. Nikadhani anamhurumia shangazi yake, amechoka na kulea."

Taratibu aliliweka neno hilo akilini, akaenda zake karakana. Gari jeusi lilikuwa limenyanyuliwa kwenye mashine, boneti imekunjamana. Fundi mkuu, mtu mnene mwenye ovaroli safi kuliko inavyostahili, alimmulikia kwa tochi.

"Fundi wa mtaani anaweza kubadilisha busta hii?"

"Kuifungua anaweza. Kulifanya gari liikubali, thubutu! Lazima kompyuta yetu iitambulishe, na kompyuta haifunguki bila kadi yangu."

"Kwa hiyo ni wewe."

Fundi mkuu alitoa macho. "Kadi yangu hukaa kwenye droo ile, mama. Hapa ndani kila mtu anajua. Mimi..." Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mimi dhambi yangu ni moja tu. Oili chakavu naiuza mlango wa nyuma. Busta sijaigusa, haki ya Mungu."

Taratibu nusura acheke, ila palikuwa na damu kavu kwenye kiti cha abiria. "Oili yako si kazi yangu. Niambie, hii rangi ya njano ni nini?"

"Hiyo ni ya kiwandani. Wakishakaza nati, wanapitisha mstari wa rangi juu ya nati, juu ya busta, hadi kwenye bodi ya gari. Nati ikilegea siku moja, mstari unapinda na utaona. Unapigwa kwa mkono, kwa hiyo haufanani na mwingine."

Inspekta akainama. Mstari ulikimbia juu ya ukingo wa busta, ukanyooka kidogo, ukapinda mwishoni kama mkia wa mjusi, halafu ukakatika ghafla pale busta ilipokutana na bodi. Kwenye bodi palikuwa na nusu ya mstari mwingine, mnene, ulioanzia pembeni kabisa. Hizo nusu mbili hazikuwa na undugu wowote.

"Busta hii ilizaliwa kwenye gari jingine," alisema polepole. "Lenye nusu ya pili ya mkia huu."

"Ndivyo, mama. Lakini magari ya aina hii mjini hayapungui hamsini."

Mwakilishi wa kampuni angeweza kusema namba ile ni ya gari lipi, ila alipopigiwa simu alijibu kwamba kumbukumbu hizo ni siri ya kampuni na maombi hushughulikiwa kwa mwezi mzima. Taratibu alimshukuru kwa sauti ambayo haikuwa ya shukrani. Akakopi mistari yote miwili kwenye plastiki laini, akaendelea na orodha yake ya ndugu wa kuhojiwa. Aliyefuata alikuwa kaka mkubwa wa Mama Mikate, baba yake meneja.

Mzee alimpokea barazani. Uani palikuwa na gari la aina ileile, jeupe.

"Mimi na dada tulinunua mwaka mmoja," alisema. "Mimi nilimtangulia kwa miezi minne. Sasa shemeji yangu hayupo, hata kulitazama hili siwezi."

"Lako halijawahi kukusumbua?"

"Lilinisumbua! Breki zilikuwa zikifa likipata moto, kisha zinarudi. Nikawaandikia kampuni mara tatu. Jibu moja tu, waranti imekwisha, nunua busta mwenyewe. Mwanangu akasema, 'Baba, niachie mimi.' Haikupita wiki, gari likawa zima, na sikutoa senti. Mtoto akisoma, mzazi unapumzika."

Kikombe cha chai cha Taratibu kilisimama katikati ya sahani na mdomo. Katika miaka yote ya kukimbizana na wezi, kwa mwendo wake, hakuwahi kuambiwa jambo la kutisha kwa furaha namna ile.

"Mzee," alisema, "naomba unifungulie boneti."

Kwenye bodi ya gari jeupe, kando ya busta, palikuwa na nusu ya pili ya mkia wa mjusi wa njano. Na juu ya busta yenyewe palikuwa na nusu ya mstari mnene. Aliweka plastiki yake juu. Nusu zote mbili zikakaa sawa, kama viatu na miguu.

Kesho yake, saa nne asubuhi, magari yote mawili yalisimama karakana, bega kwa bega, boneti wazi. Mama Mikate alikuja na mkono wake kwenye plasta. Kaka yake alisimama nyuma yake. Dereva aliletwa na pingu. Mwakilishi wa kampuni alikuwa akitazama saa, na meneja alikuwa ameshika kiti akimsihi shangazi yake akae.

"Simama hapohapo, meneja," Taratibu alisema. "Gari la baba yako lilikuwa na busta mbovu. Leo lina nzima. Ilitoka wapi?"

"Stoo."

"Stoo nimeangalia na fundi mkuu. Mwaka huu haijatoka busta hata moja." Akaweka plastiki juu ya gari jeupe, akaihamishia kwenye jeusi. Hata asiyejua gari ni nini angeona. "Hii ya baba yako ilizaliwa kwenye gari la shangazi yako. Na ile iliyomuua mzee ilizaliwa kwenye gari la baba yako."

Meneja akakalia kile kiti alichomwekea shangazi yake.

"Baba angekufa," alisema. "Anasafiri kila wiki. Niliwaomba hawa, niliwapigia magoti." Akamnyooshea kidole mwakilishi. "Wakasema waranti yake imekwisha, basi. Ya Shangazi ilikuwa bado. Nikawaza, nikiihamishia ile mbovu kwake wakati wa huduma, ataendesha siku tatu nne, taa ya onyo itawaka, atalileta, na kampuni italipa bila hata kutazama namba. Kila mtu angekuwa salama."

"Lakini hakulileta."

"Mke wangu alijifungua mapema. Shangazi akaja kwetu, gari likakaa tu. Gari lisipotembea kosa halionekani, na kompyuta isipoonyesha kosa huwezi kuidai kampuni kitu. Nikawa nangoja. Na waranti ikaisha nangoja."

Mwakilishi alikohoa. "Basi ni dhahiri kwamba kampuni haihusiki."

"Busta hizi zimekufa kwenye magari mangapi?" Taratibu alimuuliza.

"Hiyo ni siri ya—"

"Wewe pia utakuja kituoni. Siri yako utaitolea maelezo mbele ya hakimu."

Kisha akafungua pingu za dereva. Mzee yule alisugua vifundo vya mikono, akaenda kusimama kando ya mwajiri wake, mahali pake pa kila siku. Pingu zilezile zikafungwa kwenye mikono ya meneja.

Mama Mikate alimsogelea kijana ambaye yeye alimlelea mtoto.

"Mwezi mzima," alisema, "nilikuwa nyumbani kwako nikimwogesha mwanao. Kila asubuhi ulikuwa unapita kando ya gari lile kwenda kazini."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na siku ile, mjomba wako anapanda mbele, anakuaga, anakutania kwamba mtoto amechukua masikio yake. Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukutuzuia?"

Kijana alitazama sakafu. "Ningewazuia, mngeniuliza sababu."

Fundi mkuu alikuwa ameziba mdomo kwa kofia yake. Hata Taratibu, aliyekuja akijua kila kitu, hakulijua hilo. Alitazamia uongo, vitisho, hata mbio. Hakutazamia kwamba watu watatu walipelekwa mteremkoni kwa sababu ya aibu ya swali moja.

Baba mtu aliinua mkono ampige mwanawe, mkono ukaishia njiani. Aliushusha, akageuka, akamwendea fundi mkuu.

"Itoe hiyo busta kwenye gari langu."

"Mzee, nikiitoa hutaweza kuondoka nalo."

"Najua," alisema. "Hiyo ndiyo ingemwokoa shemeji yangu. Itoe."