Chaji ya Vumbi Ilivyomuumbua Mchumba Wangu

Nina miaka thelathini na moja, ni mwalimu wa fizikia hapa Mbeya. Ndugu wasomaji, kisasi ni kitamu jamani, asiwadanganye mtu... lakini sikilizeni kwanza!

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili Iringa. Utafiti wangu ulihusu wimbi la peke yake: nundu moja inayosafiri ndani ya gesi ya moto yenye chaji na vumbi, bila kutawanyika wala kubadilika umbo. Festo, mwenzangu darasani, alikuwa mchumba wangu. Mshenga wake alishafika kwetu Tukuyu. Ningemficha nini?

Nina mazoea yangu. Hesabu naanza kwa kuchukulia kuwa vumbi lina chaji chanya, kazi iwe nyepesi. Mwishoni kabisa ndipo naigeuza iwe hasi, maana elektroni, ambazo ni hasi, zina mbio, ndizo zinazoliwahi vumbi na kuling'ang'ania. Ukigeuza hivyo, nundu inakuwa bonde.

Baba akafariki. Nilikuwa nimemwahidi shahada hiyo... Nikaenda kumzika. Huku nyuma Festo akaichukua kazi kwenye kompyuta yangu, kabla sijageuza, akaiwasilisha kama yake! Na mimi niko msibani!

Niliporudi, msimamizi, ambaye nilikuwa sijamwonyesha chochote bado, akaniambia mada imeshachukuliwa, nitafute nyingine. Nilipombana Festo, akacheka.

"Punguza hasira, mama. Si tunaoana? Changu si chako?"

Eti changu chako! Nikaisoma kazi yake. Vumbi bado chanya. Hakujua! Sikumshtaki kokote. Nikampikia ugali, nikamchekea, nikasubiri miezi, hadi siku yake ya kuitetea kazi mbele ya kamati ya chuo.

Ukumbi ulijaa, hadi mama yake alikuja na vitenge vya kumtunza. Nikanyoosha mkono.

"Ndugu mtoa mada, kama elektroni ndizo zinazowahi, vumbi lako limepataje chaji chanya?"

Akapekuapekua kurasa zake. Akanitazama nimwokoe... mimi! Nikaenda ubaoni, nikasema kazi ni yangu, nikaeleza kila mstari, nikalichora bonde langu. Akafukuzwa chuo. Nilifurahi, tena sana!

Lakini kamati ikaniuliza: miezi yote hiyo ulijua, mbona hukusema? Nami nikasimamishwa masomo kwa kuficha wizi.

Juzi mshenga kaja kumwombea radhi. Nimemfungia mlango. Sijasamehe, na sitasamehe! Ila ninyi dada zangu, ukiibiwa piga yowe siku hiyo hiyo. Mimi nilitaka mwizi aanguke mbele za watu, nikaanguka naye... na baba yangu amelala Tukuyu, ahadi niliyompa sijaitimiza.