Kilichotoka Kooni mwa Adelgunda

Adelgunda alipotoka ziwani, mchanga haukumgandia miguuni. Kyarimpa aliliona jambo hilo, akalipuuza.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na mbili. Marafiki hao wawili walikuwa wamemaliza kibarua cha kuchuma kahawa ugenini Buganda, na kabla ya kurudi kwao Karagwe wakajipa siku mbili za kustarehe ufukweni Bukakata. Wenyeji waliwaonya wasioge kwenye ghuba moja ndogo, ambayo maji yake hayatikisiki hata upepo ukivuma. Adelgunda, binti wa kijiji cha Nkwenda asiyekatazika, alicheka akajitosa. Alikaa chini ya maji kitambo kirefu mno.

Jioni ile alikula dagaa wabichi, wangali wakirukaruka kiganjani. Kyarimpa, mtoto wa wafugaji ambao kwao samaki hata jina lake halitajwi mbele ya maziwa, aligeuka akatapika.

"Adelgunda, umekuwaje?"

"Nina njaa tu, dada yangu." Pumzi yake ilinuka kama tope la chini ya mtumbwi.

Njiani alizidiwa. Walipovuka mto Kagera pale Murongo alikuwa hawezi tena kutembea, na Nkwenda ilikuwa bado mbali. Kyarimpa akamkokota hadi kwao Isingiro.

"Shikamoo, baba. Mwenzangu anaumwa."

"Marahaba, mwanangu. Mlaze ndani," alijibu mzee Byarugaba, ingawa shombo ilishamfikia puani.

Tangu hapo nyumba ikaharibika. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yalifika adhuhuri yakivutika kama kamasi. Siagi ilinuka matumbo ya samaki. Mkeka wa mgonjwa haukukauka, na kila ulipoanikwa juani, nzi waliufunika ukawa mweusi.

Mchana mmoja Kyarimpa alisikia zizini mlio wa ulimi, mzito, wa taratibu, akadhani ni ng'ombe anamlamba ndama wake, akachungulia, akamwona Adelgunda amepiga magoti, amemkumbatia ndama aliyezaliwa juzi, anamlamba, anamlamba tangu masikioni hadi mkiani, na kila ulimi wake ulipopita manyoya yalidondoka, ngozi ikabaki nyeupe yenye utelezi, imeanza kuota magamba, na ndama yule alikuwa hai, macho yamemtoka, wala halii.

Akaitwa mfumu, yaani mganga, Bibi Kemilembe, kikongwe wa Kaisho. Byarugaba alikuwa mzee wa kanisa, lakini siku hiyo alitazama pembeni. Bibi alinusa mlangoni, akatema mate.

"Huyu haumwi," alinong'ona. "Amepandwa na jini la maji. Nani alikuwa naye kule?"

"Mimi, bibi."

"Basi ni wewe utakayelitoa. Mkono wangu litaukataa."

Walimshika mgonjwa mikono na miguu. Kyarimpa akaingiza mkono kinywani mwa rafiki yake, akapita meno, akapita ulimi uliokuwa baridi kama chura, akafika ndani kooni ambako mkono wa mtu haupaswi kufika, na humo kitu laini kikamdaka vidole kikaanza kuvinyonya, naye huku akitapika, machozi na makamasi yakimtiririka, akavuta, akavuta, hata kikatoka kikiteleza: kirefu kama kamongo, samaki yule wa topeni, hakina macho, kimeota nywele za mtu.

Bibi alikitupa kwenye moto wa samadi kavu. Kilijikunja, kikatoa povu la kijani. Kisha kikafungua kinywa, kikalia kwa sauti ya Adelgunda, kwa Kinyambo cha kwao Nkwenda:

"Kyarimpa! Ni mimi! Unaniunguza, Kyarimpa!"

Kyarimpa alikurupuka kuelekea motoni. Bibi akamkamata mkono.

"Linakulaghai, mjukuu wangu. Usilisikilize."

"Lakini ni sauti yake, bibi! Ni yake kabisa!"

"Nimesema usilisikilize!"

Sauti ile iliita, ikamwita mama yake, ikaomba maji, ikafifia, ikazimika. Nyumba nzima ilinuka nywele zilizoungua.

Nyuma yao, Adelgunda aliketi mkekani, akapangusa midomo kwa kiganja. Hakuuliza yuko wapi wala imekuwaje. Aliyatazama majivu kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Kyarimpa na kutabasamu kwa upole.

"Amekwisha kufa yule?" akauliza, na pumzi yake ilikuwa ingali ikinuka tope.

Bibi Kemilembe, aliyekuwa bado ameushika mkono wa Kyarimpa, akauachia taratibu.