Kifupa Ndani ya Mfarishi

Kila asubuhi, kabla ya chai, Nurzada alikuwa na kazi yake moja: kukunja mifarishi waliyolalia usiku na kuipanga juu ya sanduku la Bibi. Ilikuwa minene, imejazwa manyoya ya kondoo. Kila mmoja hukunjwa mara tatu, mkunjo utazame mbele, na ile mitatu ya wageni ikae juu kabisa. Mgeni akiingia nyumba yoyote ya kijiji chao, At-Bashy, hutazama rundo hilo kwanza. Likipinda, huyo amekwisha kuwajua wenyeji.

Rundo la Nurzada lilinyooka kama ukuta, na majirani walimsifu, msichana wa miaka kumi na mmoja tu. Hawakujua kwamba Mama akisema, "Ondoeni vitu vyenu sakafuni," Nurzada huvisokomeza vyote ndani ya mifarishi ya wageni, ambayo hukaa miezi bila kukunjuliwa. Sakafu huwa safi kwa kufumba na kufumbua.

Ijumaa moja, binamu yao Meder alikuja kuchukua kifupa chake chekundu. Kilikuwa kikubwa, cha mguu wa fahali, kile kinachorushwa kutawanya vifupa vidogo vya kondoo mchezoni. Alikuwa amemwazima Nurzada kwa siku mbili. Nurzada alikitafuta kila mahali, asikione.

"Muulize huyu," akasema, akimnyooshea kidole mdogo wake Ulukman, wa miaka sita. "Jana alikishika kutwa nzima."

"Nilikurudishia, dada."

"Ulinirudishia wapi? Umekila wewe."

"Nilikupa mkononi!"

"Mkono mrefu, na ulimi mrefu vilevile."

Meder akacheka, akaenda kuwahadithia wenzake barabarani. Ulukman akaanza kulia. Babu, aliyekuwa akishona mkanda wa tandiko la farasi, akainua macho.

"Ulukman, umekichukua?"

"Sikukichukua, Babu."

"Basi kesho utabaki nyumbani mpaka kionekane. Siendi malishoni na mtu anayechukua cha mwenzake."

Tangu majira ya baridi Ulukman alikuwa akiingoja safari hiyo ya kupanda mlimani nyuma ya Babu. Wiki hiyo alikuwa akilala na viatu miguuni, asije akaachwa.

Asubuhi ya Jumamosi Nurzada alikunja mifarishi kama kawaida. Alipokumbatia ule wa mwisho wa wageni kuupandisha juu, kitu kigumu kikamgonga kidevu. Akapenyeza mkono. Kifupa chekundu.

Ndipo akakumbuka. Juzi jioni, Ulukman alipomrudishia tu, Mama aliita sakafu isafishwe, naye akasukumia humo vyote vilivyokuwa mapajani mwake.

Chumbani hakukuwa na mtu. Dirishani alimwona Babu akikaza tandiko, na Ulukman ameketi juu ya gogo la kupasulia kuni, viatu vyake miguuni. Nurzada akafikiri akitupe chini ya jiko, kijionekanie chenyewe. Lakini kikionekana chini ya jiko, watasema Ulukman ndiye aliyekificha huko. Akatoka nje.

"Babu, ngoja." Akafungua kiganja. "Kilikuwa ndani ya mfarishi. Mimi ndiye niliyekiweka."

Babu akakitazama, kisha akamtazama yeye. "Aliyeitwa mwizi si mimi. Mwambie mwenyewe."

Nurzada akamwendea mdogo wake. "Ulinirudishia kweli. Nisamehe."

"Ulisema nimekila."

"Nilisema."

Ulukman akafuta pua kwa mkono wa shati. "Babu, basi nipande?"

Babu akamnyanyua, akamkalisha nyuma ya tandiko, wakaondoka.

Bibi alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. Hakugomba. Aliikunjua mifarishi ya wageni mmoja mmoja, vikaanguka vifupa saba, penseli, soksi, kichwa cha mwanasesere na kipande cha mkate. Pale palipokuwa na mkate, panya alikuwa ametafuna tundu la kupita ngumi.

"Huu niliushona mama yako alipoolewa," Bibi akasema. "Lete sindano."

Wakaketi wakashona. Kisha wakakata mfuko kutoka kwenye kipande cha zulia kuukuu, wakautundika msumarini kwa ajili ya vifupa. Penseli zikaingia kwenye kopo, na mwanasesere akapewa sanduku la viatu.

"Sasa sikiliza," Bibi akasema, akikata uzi kwa meno. "Kuficha si kupanga. Aliyepanga hujua kitu kilipo hata akiulizwa gizani. Wewe hukujua kilipo, ndiyo maana ukatafuta wa kumtwisha. Uvivu wako ulianzia kwenye mfarishi, ukaishia kwenye jina la mtoto."

"Nitampelekea Meder kifupa chake sasa hivi, Bibi."

"Kipeleke. Na umwambie mbele ya wale wale aliowahadithia."

Nurzada akavaa viatu, akaenda.