Taa Zilizosamehewa Kodi

Kila siku baada ya masomo, Pilipili alifungua ukumbi wa kikundi cha maigizo, akafagia jukwaa na kupanga viti. Jina hilo walimpa wenzake kwa sababu ya hasira zake za karibu. Siku hiyo alifagia kwa fujo mpaka vumbi likapanda kwenye mapazia. Shangazi yake, fundi cherehani aliyekiongoza kikundi, alikuwa amemnyang'anya nafasi ya malkia na kumpa mtoto mwingine.

"Maneno yenyewe huyajui, unapiga kelele tu," alimwambia mbele ya watu.

Kikundi hakikutoza mtu kiingilio. Mwaka huo serikali ilitangaza kwamba vikundi vya sanaa visivyofanya biashara vinaweza kuomba ruzuku, na vifaa vyao vya jukwaani vitasamehewa kodi. Taa mpya zilikuwa zimeshafika kwa msamaha huo. Ruzuku ya kutengeneza paa ilimsubiri mkaguzi. Paa lilivuja vibaya, na mwenye jengo alikwisha kuapa kuufunga ukumbi lisipotengenezwa.

Kabla Pilipili hajamaliza kufagia, baba yake mdogo, mpambaji wa kumbi za harusi, aliingia.

"Niazime zile taa Jumamosi. Nina harusi ya watu wazito."

"Shangazi amekataza. Haziruhusiwi kwenye biashara."

"Dada yangu anajifanya yeye ndiye serikali! Taa ni taa. Nani atajua?"

Siku nyingine Pilipili angemtimua. Siku hiyo alitaka shangazi yake aumie, basi. Akampa taa.

Taa zilirudishwa Jumapili. Kesho yake akaja mkaguzi, mwanamke mrefu asiye na salamu nyingi. Alikataa soda, akakataa na kiti. Alishusha taa moja, akapitisha kidole kwenye matundu yake. Kidole kikatoka kimejaa vimetameta vya dhahabu, vile vya mapambo ya harusi.

"Harusi ilifana?" akauliza.

"Harusi gani?" Shangazi alishangaa.

"Usinifanye mtoto. Mnasamehewa kodi, halafu mnakodisha vifaa! Ruzuku isahauni."

"Sijakodisha taa hata siku moja! Unaniita mwizi ndani ya ukumbi wangu?"

"Nasema ninachokiona."

Mlangoni alisimama baba mdogo, ambaye kwa tamaa yake alikuja kuziomba taa tena. Akamkazia Pilipili macho ya kumwonya. Pilipili alimtazama shangazi yake. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Alichokitaka Pilipili kilikuwa kimetimia, na hakikuwa na utamu wowote.

"Ni mimi," akasema. "Nilimpa baba mdogo. Shangazi hajui kitu. Nilikuwa nimemkasirikia."

"Mtoto mwongo huyu!" baba mdogo akafoka.

"Vizuri," mkaguzi akasema. "Twende tukamwulize bibi harusi."

Baba mdogo akanywea.

"Kodi ya taa hizi utailipa wewe, na faini juu yake," mkaguzi akamwambia. "Ruzuku nitaipendekeza, kwa kuwa kiongozi hakuhusika. Lakini nitarudi siku msiyoijua, na nikikuta kimetameta kimoja, mtanitambua." Kisha akamgeukia Pilipili. "Na wewe, ulitaka kumkomoa nani?"

"Shangazi."

"Kodi hiyo ingenunua dawa za hospitali na madawati ya shule. Watu wamekubali kuikosa ili nyinyi mpate pa kuigizia. Ukigombana na mtu mmoja, usilipize kisasi kwa mali ya watu wote."

Akaondoka bila kuaga. Baba mdogo akajaribu kucheka.

"Dada, mambo madogo haya..."

"Toka!"

Akatoka. Shangazi akachukua vitambaa viwili, akamrushia Pilipili kimoja. Wakafuta taa kwa muda mrefu.

"Umesema kweli, ndiyo maana paa letu litatengenezwa," hatimaye shangazi akasema, bila kumtazama. "Lakini nimekukasirikia, tena sana. Na kesho pia nitakuwa nimekukasirikia."

"Najua, shangazi."

"Basi tazama vizuri mikono yangu. Nina hasira kubwa kuliko zote ulizowahi kuwa nazo, na hii taa sijaivunja."